Pikipiki ya stima ni sawa, lakini tuuziwe yote na tuachiwe tuifungue

Mhariri,

Salamu kutoka Kisauni. Naandika kwa sababu nimechoka kusoma watu wakibishana kuhusu magari ya umeme kana kwamba kuna mtu ametuuliza twataka ama hatutaki, huyu asema umeme ndio mkombozi, yule asema ni biashara ya Wachina na wazungu, na ukiwasoma wote wawili unaona kabisa hakuna aliyewahi kushika spana. Mimi ni fundi wa pikipiki. Boxer na TVS za petroli ndo zimenilisha na kunisomeshea watoto, yaani kama kuna mtu alifaa kuzichukia hizi za stima ni mimi hapa, maana hazina oili ya kumwaga, hazina pulagi, hazina karbureta ya kusafisha, hazina ringi wala valvu. Wallahi sizichukii. Shida yangu nazo ni nyingine na sijaona mtu akiiandika.

Lakini kwanza hesabu, kwa sababu hapo sibishani na mtu. Sote twakumbuka Oktoba 2023, petroli Nairobi ilifika shilingi 217 na senti 36 kwa lita, na sisi huku Mombasa tukaambiwa tushukuru kwa sababu yetu ni nafuu kwa kama shilingi tatu hivi, eti kwa vile meli inashushia hapa hapa Kipevu. Shilingi tatu! Julai ya mwaka huo huo VAT ya mafuta ilikuwa imeruka kutoka asilimia 8 hadi 16, mwaka uliofuata tena Julai ile tozo ya barabara ikatoka 18 ikawa 25 kwa kila lita. Kila tarehe 14 ya mwezi vijana wa stejini wanashinda na simu mkononi wakingoja EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta na stima, watangaze, na usiku huo sheli zina foleni. Bei ilishuka kidogo baada ya hapo, sawa, lakini kijana anayezunguka mjini kutwa na abiria wawili nyuma (najua sheria yasema mmoja, tuendelee) bado anachoma mia nne, mia tano kwa siku kwenye mafuta peke yake, hapo hajalipa mwenye pikipiki na hajala.

Umeme unashinda hapo, tena kwa mbali. Betri ya boda nyingi hizi ni kama yuniti tatu za stima na inakupeleka kilomita sabini hivi, ikipungua kidogo ukipanda mlima na mzigo. Yuniti tatu hata ukinunua tokeni za nyumbani kwako haifiki shilingi mia moja. Na stima yetu Kenya, tofauti na wengi, karibu asilimia 90 haitoki kwa kuchoma mafuta, ni mvuke wa ardhini kule Olkaria, ni mabwawa, ni upepo wa Turkana na jua kidogo. Ule mvuke hauzimwi usiku, watu wamelala, viwanda vimefungwa, na wenyewe unaendelea kupanda tu. Ndo maana Aprili 2023 ikaletwa ile bei maalum ya kuchajia vyombo vya usafiri vya umeme, shilingi 16 kwa yuniti mchana na 8 usiku kabla ya hizo tozo zao. Nilipoisikia nilifurahi sana, nikasema sasa kijana wa Bombolulu atachomeka pikipiki yake akilala, asubuhi yuko barabarani kwa bei ya kikombe cha chai.

Wapi! Ile bei inaanzia kwa mtu anayetumia zaidi ya yuniti 200 kwa mwezi. Sasa piga hesabu mwenyewe mhariri, yuniti tatu kila usiku mwezi mzima ni 90, ongeza zile zinazopotea kwenye chaja, hata mia na kitu. Kwa hivyo mwenye pikipiki moja yuko nje. Aliye ndani ni mwenye stesheni, mwenye mabasi, mwenye kampuni. Sisemi ni makosa kampuni kupata bei nzuri, mabasi ya umeme pia yanahitaji, nasema tu angalia mapema kabisa sheria imeandikwa ikimuangalia nani.

Na hapo ndo naingia kwenye neno langu lenyewe. Hizi pikipiki nyingi kijana hauziwi pamoja na betri. Anauziwa mwili. Betri inabaki ya kampuni, yeye anaenda stesheni yao anatoa iliyoisha anawekewa iliyojaa, dakika mbili tatu kazi imekwisha, analipa mia mbili na kitu kwa M-Pesa anaondoka. Kusema kweli ni raha, sitadanganya, kuliko kukaa masaa manne ukingoja chaja. Na naelewa pia kwa nini wamefanya hivyo, betri ndo kitu ghali kuliko vyote pale, ikiwekwa kwenye bei ya pikipiki hakuna kijana atainunua. Lakini ile mia mbili na kitu, stima yenyewe ndani yake haifiki mia, hata nusu yake pengine ukizingatia wanachaji usiku. Kinachobaki ni kukodi betri, na kodi hiyo hailipwi ikaisha, utailipa mpaka siku pikipiki itakapokufa. Na hakuna jirani wa stesheni anayeuza kwa bei nafuu zaidi ukamkimbilia, kwa sababu kila kampuni ina betri yake, umbo lake, plagi yake, na ndani yake kompyuta inayouliza wewe ni nani kabla ya kutoa moto.

Petroli kwa ubaya wake wote haina hiyo. Ukiudhiwa na sheli ya hapa unavuka barabara unaenda ya pale. Boxer yako inywe ya kampuni gani haijui. Hata kule ndani vijijini Kaloleni ambako sheli hakuna kuna mama anauza kwenye chupa ya soda kando ya barabara, ghali kidogo lakini utafika.

Nilikuwa na kijana mteja wangu, mtaratibu, hana makuu, alichukua ya stima kwa mkopo kutoka kampuni moja sitaitaja. Alikuwa analipa kila siku kwa simu. Siku moja akapata safari ya Kilifi, mteja mzuri, pesa nzuri, akatoka na betri imejaa. Kurudi chaji imebaki kidogo na kule hakuna stesheni yao. Akaomba achomeke dukani kwa mtu, soketi ipo, stima ipo, mwenye duka amekubali tena bure. Betri haina pa kuchomekea chaja ya kawaida! Imetengenezwa ichajiwe ndani ya kabati lao pekee. Akapiga simu wakamwambia angoje gari, gari halikuja siku hiyo, akalala huko. Kesho yake kwa sababu hakufanya kazi hakulipa mkopo, na kufika saa sita mfumo ukaizima pikipiki kutoka ofisini. Sasa hata ile chaji kidogo iliyokuwepo haitumiki. Gari lao lilipofika lilikuta pikipiki imezimwa na wao wenyewe, na kabla ya kuibeba wakataka alipe kwanza. Alipe na nini?

Kuzima pikipiki ya mtu anayekimbia deni naelewa, hata hawa wa mikopo ya petroli wanaweka trackeri. Lakini izimwe ikiwa imesimama nyumbani kwake, kuwe na onyo, kuwe na siku kadhaa. Nimesikia kwa zaidi ya kijana mmoja ikizimika karibu na daraja la Nyali jioni, na wewe wajua daraja la Nyali jioni likoje.

Haya, upande wa ufundi, ambako ndiko kunaniuma zaidi. Najua mtasema fundi analilia tumbo lake. Ndiyo, nalilia, kwani nani hapa halilii tumbo lake?

Hizi zenye mota ndani ya gurudumu la nyuma si muujiza. Fungua zile skurubu za pembeni, vuta kifuniko taratibu kwa sababu sumaku inavuta na itakubana vidole, ndani utakuta koili za shaba zimezungushwa, sumaku zimepangwa duara, na katikati ya koili kuna visensa vitatu vidogo, havizidi ukucha wa kidole cha mwisho, kazi yake ni kuiambia kontrola, kile kisanduku kinachoipa mota stima, sumaku iko wapi. Kikifa kimoja pikipiki inaanza kutetemeka ukivuta moto, inanguruma haiendi, mpaka uisukume kidogo kwa miguu ndo inashika. Ugonjwa wenyewe huo. Mara nyingi sio hata sensa, ni waya pale unapotokea kwenye ekseli, mtu alikaza nati ya gurudumu vibaya akaukata ngozi. Na huku kwetu kuna kitu cha ziada ambacho waliounda hizi mashine sidhani walikifikiria, hewa ya bahari. Plagi za kwenye waya zinaota kutu ya kijani, ukiigusa inamwagika unga, mvua ikipiga siku mbili basi kontrola inaona vitu ambavyo havipo na kioo kinaandika namba ya hitilafu.

Visensa vyote vitatu havifikishi shilingi mia tatu, nachovya solda, napaka silikoni pale kwenye mshono, saa moja na nusu kijana yuko barabarani. Lakini nikiifanya hiyo, kampuni inasema waranti imekwisha. Na zingine hata ukimaliza kurekebisha haziwaki mpaka fundi wao aje na laptopu yenye programu yao afute ile namba. Laptopu iko ofisini kwao. Mteja wangu mwingine aliipeleka kwao na tatizo hilo hilo la kutetemeka, walimtolea gurudumu zima wakamwekea jingine, akapigwa bili ya maelfu, imeongezwa kwenye mkopo. Gurudumu la zamani hakurudishiwa. Nilitamani sana kuliona lile gurudumu.

Mimi simwambii mtu yeyote afungue betri yenyewe, naomba nieleweke. Ile ni volti 72 zingine, seli za lithiamu zikishika moto maji hayazimi kirahisi, na nimeona vijana hapa mjini wanagusagusa kwa bisibisi mambo yasiyoguswa. Hiyo iachiwe aliyesomea, na mimi nikipewa nafasi ya kusomea nitaenda kesho asubuhi. NITA, wale wa serikali wa mafunzo ya ufundi, wanatupima sisi mafundi wa jua kali na kutupa vyeti vya kazi tunazozijua tayari, sasa mbona wasitufunze na hii? Nasemea mota, kontrola, waya, breki, switchi. Vitu ambavyo fundi yeyote mwenye akili na mita ya kupimia anaweza kuvijua ndani ya wiki akipewa mchoro.

Na haya ninayoyaomba sio ndoto ya kibanda. Wajapani, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, hao wanne ambao wamepigana sokoni tangu babu zetu, Machi 2021 walikubaliana kipimo kimoja cha betri za kubadilishana, ili betri moja iingie kwenye pikipiki ya yeyote kati yao. Wanne wale! Ulaya nao wana sheria yao ya betri ya mwaka 2023, na toka Februari 2027 betri za vyombo vidogo kama baiskeli na skuta za umeme lazima ziwe zinaweza kutolewa na kubadilishwa na fundi wa nje, fundi huru, sio wa kampuni pekee. Kwa hivyo mzungu atanunua skuta ya kuendea kazini na sheria itamlindia fundi wake, halafu mwanangu wa Mtopanga ambaye pikipiki ndo shamba lake na ofisi yake tuambiwe haiwezekani, teknolojia ni mpya, tusubiri.

Kusubiri ndo kubaya. Sasa hivi za stima bado ni chache ukilinganisha na za petroli, kampuni bado zinajenga stesheni, kabati linaweza kubadilishwa plagi bila mtu kufilisika. Zikifika laki tatu nne barabarani kila mtu atasema nimeshawekeza, siwezi kubadilisha. Na zitafika, kwa sababu wenzetu wameshaanza kufunga mlango wa nyuma. Kigali tangu Januari 2025 hawasajili tena pikipiki mpya ya petroli kwa biashara ya abiria, ukitaka kuanza kazi ya boda mjini ni ya umeme tu. Ethiopia walienda mbali zaidi, mwaka 2024 walizuia kabisa gari za petroli za watu binafsi kuingia nchini, kwa sababu mafuta yanawamalizia dola na stima ya mabwawa wanayo. Siku Kenya nasi tutakapoamua hivyo, na hata bila kuamua bei ya mafuta itatuamulia, kijana hatakuwa na pa kukimbilia. Ataulizwa tu atafungwa na kampuni gani.

Kuhusu magari madogo sina mengi, sio fani yangu. Jirani alileta Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, gari zuri, kimya, AC baridi, ila betri ya Leaf haina mfumo wa kujipoza, inategemea hewa tu, na hili joto la Mombasa unalijua. Kwenye kioo kuna viboksi 12 vya afya ya betri, yake ilifika bandarini na vinane. Na hakuna mtu pale bandarini anayekuambia uviangalie, wao wanaangalia umri wa gari haujapita miaka minane basi. Gari la petroli la miaka saba bado ni gari, la umeme la miaka saba lililolala kwenye joto ni kitu kingine kabisa, kwa hivyo kama KEBS, shirika letu la viwango, wanakagua mitumba kabla haijapanda meli basi wakague na hivyo viboksi, waandike kwenye karatasi, mnunuzi asome kwa macho yake.

Nirudi kwa boda nimalizie. Rais alikuja hapa hapa Mombasa Septemba 2023 kuzizindua hizi pikipiki za umeme, watu walipiga picha sana, wanasiasa wetu walizipanda wakacheka. Toka hapo nasikia sera, nasikia rasimu, nasikia kongamano hotelini Nyali. Mimi siombi kongamano. Naomba EPRA waishushe ile yuniti 200 ili mtu wa pikipiki moja apate bei ya usiku nyumbani kwake. Naomba KEBS watoe plagi moja na umbo moja la betri, na kampuni ipewe muda wa kuhamia, hata miaka mitatu sitabisha. Betri iwe na tundu la kuchajia kwa soketi ya kawaida hata kama ni polepole, hiyo ingemtoa yule kijana Kilifi usiku ule ule. Mkopo ukiisha kijana apewe haki ya kununua betri yake akitaka, kwa bei iliyoandikwa toka mwanzo kwenye mkataba, na mkataba wenyewe uwe kwa Kiswahili sio kurasa kumi na mbili za Kiingereza za kubofya nakubali kwenye simu.

Na sisi mafundi tupewe mchoro wa waya na maana ya zile namba za hitilafu. Hata kama ni karatasi moja, nitaenda kuuprinti mwenyewe saiba.

Fundi wa pikipiki,
Kisauni, Mombasa